Filimbi ya Amorsi

Shaba ina ladha yake. Sisi tuliokulia Lubumbashi tunaijua, hata wale ambao hatukuwahi kushuka mgodini: ukilamba kifungo cha koti la baba, ukinywa maji ya bomba la uani asubuhi kabla hujayaacha yatiririke kidogo. Juzi niliionja tena. Tulikuwa kwenye kilio cha Baba, nyumba imejaa watu, na mimi nilitumwa chumbani kwake kutafuta blanketi la shangazi mmoja aliyekuwa anaona baridi. Chini ya blanketi, ndani ya kopo la maziwa ya unga, nilikuta filimbi yake ya kazi, ya shaba. Niliitia mdomoni kabla ya kufikiri. Sikuipuliza. Niliilamba tu, mtu mzima na mvi zangu, halafu nikakaa kitandani kwake na lile blanketi mapajani. Shangazi akaendelea kuona baridi.

Baba alikuwa butefe. Ndivyo tulivyotamka sisi. Wazungu waliandika boutefeu, yaani mtu wa kutia baruti katika matundu ya mwamba na kuiwasha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepungukiwa vidole. Nilipokuwa mdogo kabisa nilimuuliza vilikwenda wapi, naye akanijibu bila kucheka, "Amorsi ilibikula." Basi mimi nikajua kwamba Amorsi ni mnyama. Nilimchora kichwani: mdogo kama panya, meno ya mbele marefu, anaishi gizani mgodini na kungoja vidole vya baba za watu. Kwa muda mrefu sikukubali kuingiza mkono katika tundu lolote, wala la kichuguu wala la ukuta, na Mama alinishangaa jinsi nilivyokuwa mtoto mtulivu.

Mama ndiye aliyenifungua macho baadaye. Amorsi, aliniambia, ni kitu kidogo cha kuwashia. Baruti yenyewe ni kubwa lakini ni nzito kuamka. Unaitia amorsi, hiyo inapasuka kwanza, halafu mlima wote unafuata. Nikamwondolea mnyama wangu meno na mkia. Hofu niliiacha palepale ilipokuwa.

Na filimbi ilikuwa sheria. Mgodini, kabla ya kuwasha, Baba alipuliza mara moja, mpulizo mrefu, na kila mtu alitoka. Hakuna aliyeuliza kwa nini, na filimbi haikurudiwa, kwa sababu mtu anayengoja filimbi ya pili amekwisha kufa. Sheria hiyo aliileta nyumbani kwetu Katuba. Filimbi ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake, na siku nyoka alipoonekana juu, kati ya dari na manjanja, yale mabati ya paa, Baba alipuliza na lupango lote, yaani kila aliyekaa kiwanjani kwetu, likamwagika barabarani, pamoja na jirani yetu Mama Kabange aliyekuwa akikaanga mikate uani kwake na akatoka na sufuria ya mafuta ya moto mikononi. Nyoka alikuwa mdogo wa kusikitisha. Lakini tangu siku ile mtaa wetu wote ulijua filimbi ya Baba Ngoie.

Vivyo hivyo kwa maneno yake. Alisema jambo mara moja. Ukiuliza tena, alikutazama tu: "Mi nilisha kusema." Mama alizoea kututania kwamba baba yetu anadhani maneno ni baruti, yakipasuka yamepasuka. Si hivyo tu. Mgodi ulikuwa umemla masikio pia, sikio la kushoto lote na la kulia nusu, na nadhani mtu asiyesikia anachoulizwa huchoka kujibu. Sauti pekee ambayo haikumpita kamwe ilikuwa ya filimbi.

Yaya Ngoie, yaani dada Ngoie, alikuwa mkubwa wetu, msichana wa kwanza wa mtaa wetu kwenda kusoma chuo kikuu cha Kasapa. Alikuwa amefika mwaka wa mwisho, mwaka wa kuandika mémoire, ile tasnifu ya kumalizia, na kuitetea mbele ya walimu. Alichagua kuandika juu ya Kiswahili cha watu wa mgodini: namna wanavyoita vyombo, mawe, moto, hatari. Sasa, maneno hayo yalikuwa wapi? Yalikuwa kichwani mwa Baba. Alipomwomba mara ya kwanza, Baba alicheka kwa pua. "Mambo ya mu shimo haiko ya masomo," alisema, akaenda kucheza dame, yaani drafti, kwa rafiki yake mwisho wa barabara.

Halafu chuo kikafungwa, kama kilivyokuwa na mazoea ya kufungwa miaka ile, na profesa wake, aliyekuwa anaondoka kwa likizo ndefu, akamwazima kompyuta yake, ordinatere kwa lugha yetu, akamalizie kazi nyumbani. Ililetwa kwa kamionete, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuona mashine ya namna ile. Iliwekwa sebuleni, kwenye meza ya kupigia pasi, na kabla ya jioni Mama alikuwa ameifumia kitambaa cha uzi mweupe cha kuifunika, chenye maua pembeni. Ukiiwasha ilivuma kama jiko la makaa linalopepewa, kisha herufi za kijani zilitokea gizani.

Sijui ni nini kilichomgeuza Baba. Labda aliheshimu mashine kwa kuwa ni mashine. Mimi nadhani ni mgongo wa Ngoie. Alipokuwa akiandika aliipa mashine uso, na Baba akabaki nyuma yake kwenye kiti chake, hana mtu wa kumtazama usoni. Siku moja akaanza kusema. Ngoie hakugeuka, alipiga tu herufi, haraka haraka. Karatasi zilikuwa zinatafutwa kwa taa siku zile, hivyo kila neno la Baba lilikwenda moja kwa moja ndani ya mashine na halikuandikwa pengine popote. Mimi na Mama tulikaa mkekani tunachambua mboga ya lengalenga, tukijifanya hatusikii. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia baba yangu akisema sentensi ya pili baada ya ile ya kwanza, halafu ya tatu. Alasiri nyingi zilipita hivyo, moshi wa bomba kubwa la kiwanda ukikwaruza koo, mvua ikipiga manjanja, na sauti ya Baba, kubwa kama ya viziwi wote, ikielezea jinsi mwamba unavyolia kabla ya kuanguka. Lengalenga ilichambuliwa mara mbili mbili. Sikutaka iishe.

Siku moja mashine ikasema imejaa. Ngoie alikuwa binti wa mama yake. Alikuwa amefundishwa kwamba nyumba ikijaa unafagia. Akatazama ndani, akakuta mafaili yenye majina asiyoyajua, akadhani ni takataka za profesa, akayafuta. Alifurahi hata akaimba akioga.

Kesho yake asubuhi aliiwasha. Ilivuma. Taa yake ndogo ikawaka. Halafu, badala ya kumfungulia, ikaandika mstari mmoja wa Kifaransa ikanyamaza. Ngoie aliizima, akaiwasha, akaizima. Ule mstari ulirudi uleule. Mama akaja akijifuta mikono.

"Inasema nini?"

"Inasema interprète yake haiko. Mwenye kusikiaka ma-ordre, ni kusema amri."

Mama alifikiri. Alikuwa amezaliwa katika kambi ya wafanyakazi, zamani za Wazungu, ambapo kila mkubwa alikuwa na mtu wa kumgeuzia maneno. "Basi kama interprète alienda," alisema, "si tutafute mwengine?"

Ngoie alicheka, halafu kicheko kikageuka kilio kabla hakijaisha. Nilikuwa sijamwona akilia tangu awe mtu wa Kasapa. Nilidhani ni kwa ajili ya mwaka wa masomo, na kweli bila mémoire mwaka wake ulikuwa umekwenda na maji. Lakini si hilo alilosema.

"Maneno ya Baba yote iko mule, Mama. Yote. Ntamwambia nini? Baba harudiliaka neno."

Mama alimshika kichwa akamkalisha. "Usimwambie bado," alisema. "Kwanza tafuta muntu anajua."

Mtu anayejua alikuwa Kasongo, mwanafunzi mwenzake, mtu wa mtaa wa Bel-Air, aliyesoma mambo ya mitambo. Ngoie alitoka bila kunywa chai, na jua lilipokuwa utosini walirudi pamoja. Ninamwona mpaka leo. Alikuwa amevaa abakosi, ile suti isiyo ya tai, ya marehemu mjomba wake, mabega yake yamefika mlangoni kabla yake, na ndani ya shati, kifuani, alikuwa amebeba kitabu cha nyimbo za kanisani. Baba alikuwa kwenye dame zake. Mama alimkaribisha mgeni kwa heshima zote, akadhani ataanza kwa sala. Kasongo alifungua kitabu, na katikati ya nyimbo akatoa kitu cheusi, bapa, chembamba kama kipande cha mkate, chenye tundu katikati.

Mimi nilikuwa nimesimama na bilauri ya maji ya mgeni juu ya sahani. Kasongo alikwisha kukaa mbele ya mashine, amesoma ule mstari, na alikuwa akimtuliza Ngoie.

"Haikufa. Iko imelala tu. Haijue tena namna ya kuanza. Tuta-amorcer na hii disquette."

"Amorsi?" niliuliza.

Akanigeukia akitabasamu, kijana mwema, asiyejua yuko katika nyumba ya nani. "Ee, mutoto. Njo amorsi yenyewe. Unaona vile iko kadogo? Lakini kale kadogo njo kanaamushaka ile mukubwa."

Neno kwa neno kama alivyoniambia Mama. Nikaitazama ile amorsi mkononi mwake. Nikamwona akitafuta tundu usoni mwa mashine, akalipata, akaanza kuisukuma ndani taratibu, na Yaya wangu ameinama hapohapo, mikono yake juu ya meza, vidole vyake vyote virefu vizuri. Sikupiga kelele. Watoto wa butefe hawapigi kelele. Niliweka maji chini, nikaenda nyuma ya mlango wa chumba cha Baba, nikapanda juu ya sanduku, nikaichukua filimbi, nikapuliza mpaka macho yakatoa machozi.

Ah, mngeona! Mama alitoka jikoni na mwiko wa bukari, ugali wetu. Mama Kabange alitoka kwake na chungio la unga, wanawe nyuma yake, kuku mbele yake. Watu wa lupango la tatu walitoka, na mwendesha baiskeli aliyekuwa akipita na gunia la makaa akaitupa baiskeli yake na kukimbia nao bila kujua anakimbia nini. Hakuna aliyeuliza. Tulivuka barabara wote tukasimama ng'ambo ya mfereji. Nilihesabu nyuso kwa macho, na uso wa Yaya Ngoie haukuwemo.

"Yaya! Toka! Amorsi iko mu nyumba!"

"Amorsi?" Mama Kabange aliruka, unga ukammwagikia miguuni. "Baba Ngoie alileta baruti ku nyumba? Mama yee!" Na neno hilo likaruka kutoka mdomo hadi mdomo, likazidi kuwa kubwa, na watu wakarudi nyuma hatua nyingine. Mama alinitazama kwa jicho la kuuliza, lakini filimbi ni filimbi. Alianza kuvuka arudi kumfuata binti yake.

Ndipo tulipomwona Baba. Alikuwa ameisikia kutoka mwisho wa barabara, na aliijua kuwa ni yake, na aliijua kuwa si yeye aliyeipuliza. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Alikimbia kama mtu anayebeba kitu kizito, kandambili moja mguuni, nyingine sijui alikoiacha. Nilimkingia njia kwa mikono miwili.

"Baba, usiingie! Amorsi iko mu ordinatere! Yaya iko mule!"

Alinisikia. Sasa najua alinisikia. Lakini wakati ule, alipotupita wote, mimi, Mama, jirani na kuku, na kuingia nyumbani, nilidhani ni masikio yake. Yeye aliyetufundisha kukimbia alikuwa anakimbilia upande usio wake. Nilipiga kelele tena, nikilenga sikio la kulia, naye akapotea mlangoni. Mama alinikamata kwa gauni. Niliogopa siku ile kuliko nilivyopata kuogopa kabla au baadaye, na nilichokiogopa kilikuwa vidole vilivyosalia vya baba yangu.

Tulingoja. Mtoto wa Mama Kabange aliziba masikio. Ndani kulisikika kiti kinaanguka, halafu mtu anaanguka. Kisha sauti ya Baba, kubwa:

"Inapasuka ao haipasuke?"

Na sauti ya Ngoie, kubwa zaidi, ya kumfikia: "Inawaka, Baba! Inawaka!"

Gauni lilichanika kidogo, lakini nilikuwa wa kwanza kufika. Kasongo alikuwa sakafuni, abakosi ya mjomba imemfunika kidevu. Baba alikuwa amemsukuma pembeni kama pazia. Kiti cha Ngoie kilikuwa kimevutwa mpaka ukutani, na Ngoie juu yake, na Baba amesimama kati yake na mashine, mgongo kwa mashine, mikono imeenea. Na nyuma ya Baba, herufi za kijani zilikuwa zimerudi, zimetulia, haziumi mtu.

Ilichukua muda kueleza. Kasongo, ambaye sasa alijua yuko katika nyumba ya nani, alizungumza kwa sauti ya kanisani kwenye lile sikio la kulia. Ordinatere haikupoteza kila kitu, alisema. Ilipoteza tu yule wa kuianzisha. Disquette inaiamsha kwanza kutoka inje. Kiisha, tunanakili interprète mwengine ndani. Kiisha, tunatoa disquette, na inaanza yenyewe. Mama, mlangoni, alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye alilisema hilo tangu asubuhi.

Baba aliinamisha kichwa upande, kama alivyofanya akisikiliza mwamba. "Ile ingine yote iko ndani?"

"Iko, Baba."

"Inangoja tu."

"Inangoja tu."

Halafu akamtazama Ngoie, akaona macho yaliyovimba. "Nini ilipotea?"

Ngoie alimwambia. Alimwambia kwamba alifagia, na alichofagia, na kilichokuwa ndani, na kwamba ndiyo sababu filimbi haikumtoa. Alisema kila kitu mara moja, kwa Kiswahili kifupi, kama yeye. Nilingoja Baba akasirike. Alikwenda kwenye kiti chake, akakirudisha mahali pake, akakaa. "Muianzishe," alisema.

Kasongo alipiga herufi chache. Mashine ilikoroma. Kisha akatoa disketi, akairudisha kati ya nyimbo zake, akamwambia Ngoie aizime na kuiwasha kwa mkono wake mwenyewe. Kuzima alizima. Kuwasha kulimshinda. Kidole chake kilikaa juu ya swichi, na nyumba nzima, pamoja na Mama Kabange na mwenye makaa waliokwisha kuingia bila hodi, ilikiangalia kile kidole. Kama isingeanza yenyewe sasa, hapangekuwa na neno la pili. Hatimaye alibonyeza. Kioo kilikuwa cheusi. Ule mvumo ukaja. Ile taa ikawaka. Palikuwa na mahali ambapo asubuhi ule mstari ulitokea, na hapo hapakutokea kitu, na hapakutokea kitu, nikajisikia nataka kujikojolea. Halafu herufi zikaja zenyewe, moja, mbili, na alama ndogo ya kijani ikipepesa kando yake, inangoja amri.

Mwenye makaa alipiga makofi, ingawa alikuwa hajui ni ya nini. Ngoie hakupiga. Alitafuta mémoire yake, akaifungua, akaanza kuisoma kwa sauti mahali pa kwanza jicho lilipoangukia, kama mtu anayempapasa mtoto kuona kama viungo vyote vipo. Yalikuwa maneno ya Baba, kama alivyoyasema, bila kusafishwa:

"Moto ikilala, maana yake haikupasuka, bantu bote babakie inje. Hata chef abakie inje. Mwenye aliitia amorsi njo anaingia, yeye moya. Haangalie nyuma. Anamutosha mwenzake inje, kama kuko mwenzake mule ndani."

Nilimtazama Baba. Alikuwa na kandambili moja. Miguu yake ilikuwa na matope ya barabarani, na mguu usio na kiatu ulitoka damu kidogo kwenye kidole gumba, wala hakuwa amegundua. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakukimbilia upande usio wake. Nilimpenda kwa namna iliyoniumiza kifua, na kwa kuwa nilikuwa mtoto na sikujua la kufanya na mapenzi ya namna hiyo, nilienda kukaa juu ya mguu wake mzima.

"Hapana," Baba akasema.

Vidole vya Ngoie vilirudi kwenye herufi.

"Sikusema vile. Nilisema anamutosha mwenzake inje *kwanza*. Kiisha njo anaangalia moto. Uliacha 'kwanza'."

"Urudilie, Baba," Ngoie akasema, bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa ndogo, na sijui Baba aliisikiaje. Sote tulilijua jibu lake, tulikuwa tumekua nalo.

Baba aliutazama mkono wake wa kushoto. Kisha akarudilia. Alisema sentensi yote tangu mwanzo, na "kwanza" yake mahali pake, na Ngoie akaandika. Na alipofika mwisho hakuishia hapo. Aliendelea mpaka pale ambapo hakuwahi kufika: kwamba siku moja moto ulilala, na mwenzake alikuwa ameteleza mule ndani, kifundo cha mguu kimevunjika, kwamba alimtoa kwanza, kwamba aliporudi kuangalia, amorsi iliamka imechelewa. Alitaja jina la huyo mwenzake. Alikuwa ni yule mzee aliyetuletea jogoo kila mwaka mpya, anakaa kidogo, hasemi kitu, anaondoka akichechemea. Sisi watoto tulidhani ni ndugu yetu wa upande wa Mama.

Bukari iliungua siku ile. Tuliila hivyohivyo, na Kasongo akala nasi, na kwa kweli hajaacha kula kwetu mpaka leo, maana ndiye shemeji yangu. Chuo kilifunguliwa, Ngoie aliitetea mémoire yake, na Baba alikaa mstari wa mbele katika abakosi yake ya sherehe, asisikie hata nusu, akitikisa kichwa kila walimu walipotikisa. Mimi nilipata jina. Mama Kabange aliniita Butefe mpaka siku niliyoolewa, na kwenye ndoa yangu alinitunza filimbi ya plastiki mbele za watu.

Siku hizi wajukuu wetu wana kompyuta za kubeba kwapani. Ikigoma kuwaka wanaguna, wanasema wataifuta yote waanze upya, na wanaifuta kweli. Siwagombezi. Ila mkono wangu huwa unatafuta msumari nyuma ya mlango.

Basi juzi, nimekaa kitandani kwa Baba, na uani sauti za wanawake wanaopikia kilio, na sebuleni wazee wanabishana juu ya kaburi, niliitazama ile filimbi na nikaona kwamba haijapulizwa na mtu tangu lini sijui. Nilipuliza. Sikukusudia mpulizo mrefu, lakini filimbi ile haijui mwingine.

Nilisikia masufuria yakiachwa. Nilisikia wageni wa kilio wakiulizana, na sauti ya Mama Kabange, sasa bibi kizee wa fimbo, ikiwafokea, "Mutoke! Mutoke inje, hamusikie?" na miguu, mingi, ikielekea barabarani. Na katikati ya miguu yote iliyokuwa inatoka, nikasikia miwili inayoingia, mizito, inakimbia.

Mlango ulifunguliwa kwa nguvu. Alikuwa Yaya Ngoie, profesa Ngoie, mtu wa miwani na shinikizo la damu, mwiko mkononi, kandambili moja mguuni. Alinitazama mimi kwanza, kichwa hadi miguu. Kisha akaiona filimbi.

"Nini imelala?" aliuliza, anahema.

Sikuweza kusema ni Baba. Alikwisha kujua. Aliweka mwiko chini, akaja akakaa kitandani upande wa kushoto kwangu, na barabarani watu wote wakaendelea kutungoja.